Kiuno Kwanza: Namna ya Kuuongoza Mwili Unapoanguka Angani

Mara ya nne kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege pale Diani, pwani ya Kenya, nilizunguka kama pia. Halikuwa zunguko la hatari, ni la polepole tu kuelekea kushoto: bahari ikapita mbele ya macho, kisha vilima vya Shimba, kisha bahari tena. Mikono yangu niliikagua, ilikuwa sawa kabisa. Mwalimu, ambaye alikuwa ameshaniachia na kusogea mbele yangu, akanyoosha vidole viwili usoni pangu. Akavinyoosha tena. Nikaitikia kwa kichwa, na sikufanya lolote.

Tulipotua akaniuliza, "Ile alama ya vidole viwili ni ya nini, kaka?"

"Miguu."

"Na miguu yako ilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Video ndiyo iliyojibu: mguu wa kulia umenyooka vizuri, wa kushoto umekunjwa mpaka kisigino kinakaribia kugusa tako. Nilikuwa nimeukunja mwenyewe, muda wote ule, bila habari.

Tatizo la kuanguka angani ndilo hilo. Nguvu wala akili hazikupungui, ila miguu huioni, na mwili ukiingiwa na hofu hukudanganya kuhusu mahali ulipo. Kwa hiyo maelezo yaliyo hapa chini yasome ukiwa umelala kifudifudi sakafuni, ukijaribu kila kitu. Ni ya mtu anayejiandaa kwa kozi ya kuruka peke yake, au aliyekwisha kuanza na bado anayumba. Mwalimu mwenye leseni hana mbadala, na penye tofauti kati ya maneno yangu na yake, shika yake. Aliyeruka mara moja tu akiwa amefungwa kifuani pa mwalimu, kama watalii wengi wafanyavyo, atapata picha ya kilichokuwa kikiendelea mgongoni pake. Hata askari wengi wa miavuli mambo haya hawayahitaji, maana miavuli yao hufunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege na hawakai hewani wakianguka.

Jua una muda gani

Ukiruka futi 12,000 na kutakiwa kuvuta, yaani kufungua mwavuli, futi 5,500, ambacho ni kimo cha kawaida kwa wanafunzi wengi, una kama sekunde 40 za kuanguka. Sekunde 10 hivi za mwanzo kasi inapanda, na futi 1,000 za kwanza huisha humo. Baada ya hapo upepo unaokuja kutoka chini unalingana na uzito wako na kasi inatulia karibu kilomita 190 kwa saa. Kuanzia hapo kila futi 1,000 zinaliwa kwa sekunde kati ya 5 na 6.

Ile hisia ya tumbo kuruka, kama gari linaposhuka mlima ghafla, haiji au inakuja kidogo sana, kwa kuwa ndege yenyewe ilikuwa ikienda mbio ulipotoka. Baada ya kasi kutulia hujisikii unaanguka. Unajisikia umelalia kitu. Hewa kwa kasi ile ni nzito, inashikika, na ndiyo maana inaongozeka: ukiinamisha kiganja, mkono wote unasukumwa. Watoto wa pwani wanaochezea mkono nje ya dirisha la matatu wanaijua nusu ya somo.

Hatua ya kwanza: upinde, tena sakafuni

Chukua kifuu cha nazi ukitupe kwenye maji. Kitageuka na kukaa tumbo chini, midomo juu.  Mwili wako angani ni kifuu. Kiuno kikiwa ndicho sehemu ya chini kabisa, na mikono, kichwa na miguu vikiwa juu yake, hewa inagawanyika pande zote sawasawa na wewe unatulia, utake usitake.

Lala kifudifudi kwenye mkeka. Sukuma kiuno ndani ya sakafu. Kiuno chenyewe, mbele, siyo kuinua kifua tu ukadhani umemaliza. Walimu hulirudia hili mpaka likachosha, na wetu mmoja alikuwa akisema, "Kiuno cha chakacha kinakwenda kando, mimi nataka kinachokwenda mbele." Kidevu juu, macho yatazame upeo wa macho. Mabega yalegee. Viwiko viwe usawa wa mabega na mikono imekunjwa pembe mraba, kama mtu aliyeambiwa "mikono juu" na jambazi mvivu. Magoti yaachane upana wa mabega, yakunjwe kiasi, kama nyuzi 45, na vidole vya miguu vichongoke.

Sasa kaa hivyo nusu dakika na useme jina lako, la mama yako, na ulichokula asubuhi. Ukishindwa kusema umejikaza mno. Upinde mzuri unatoka kiunoni na kwingine kote ni ulegevu. Mtu aliyejikaza hutetemeka angani kama meza yenye mguu mfupi, na kila kosa dogo la mkono linakuwa kubwa.

Mkao huu si wa kale sana. Tarehe 28 Aprili 1919 Leslie Irvin aliruka Dayton, Ohio, na kuvuta mwavuli wake kwa mkono akiwa tayari anaanguka, wakati ambapo wengi waliamini mtu akianguka hivyo angezimia. Lakini kwa miaka mingi baadaye warukaji walikuwa wakibingirika ovyo. Mfaransa Léo Valentin, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndiye aliyefahamika sana kwa kuonyesha kwamba ukitandaza mikono na miguu na kujipinda mgongo unatulia. Alifariki mwaka 1956 Uingereza, katika maonyesho ya ndege, akijaribu kuruka na mabawa ya mbao.

Ukiweza, fanya dakika kadhaa kwenye handaki la upepo, yaani bomba kubwa ambamo hewa hupulizwa kwenda juu mpaka mtu anaelea. Dubai na Abu Dhabi yapo, na kwa ndugu zetu wanaofanya kazi huko ni jambo la kutumia siku ya mapumziko. Dakika 10 ndani ya handaki ni muda mrefu kuliko miruko kumi ya mwanafunzi ukijumlisha sekunde zake, na mkufunzi anasimama pale pale akikusogeza mguu kwa mkono wake.

Hatua ya pili: kutoka mlangoni

Hapa wengi hupinduka kwa sababu wanafikiri upepo unatoka chini. Kwa sekunde za kwanza unatoka mbele ya ndege, kule ilikokuwa ikielekea. Basi ukitoka, upe upepo ule kiuno, na usijaribu kulala kifudifudi dhidi ya ardhi. Utakuwa umesimama wima kiasi, kama mtu aliyeegemea ukuta wa hewa, na polepole upepo utahama kutoka mbele hadi chini na wewe utalala mwenyewe. Usipigane nao. Kidevu juu na uitazame ndege ikiondoka: ukiiona, umetoka vizuri. Ukiutazama mchanga mapema mno, kichwa kinashuka na miguu inakupindua.

Hatua ya tatu: tulia, tazama, pumua

Kabla ya kutaka kwenda popote, thibitisha kwamba unaweza kutokwenda popote. Chagua kitu kikubwa kilicho mbali. Diani imependelewa kwa hili: mashariki kuna mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani, kusini Kisiwa cha Chale, kaskazini Tiwi, na magharibi Shimba. Kikazie macho kitu kimoja, na ukiona kinahama ujue ni wewe unayezunguka.

Kisha zunguka kwa macho kwa utaratibu uleule kila mara: upeo wa macho, altimita, mwalimu. Altimita, yaani kipima kimo, iko kwenye mkono wa kushoto. Igeuzie macho, na usiuvute mkono usoni, kwa maana mkono mmoja ukiingia ndani tayari umegeuza usukani. Toa pumzi kwa nguvu. Wanaosema hewa ya juu haipumuliki wengi wao wamesahau tu kupumua.

Walimu wengi hutumia alama hizi za mikono: vidole viwili vilivyonyooka, nyoosha miguu, vidole hivyohivyo vilivyokunjwa, ikunje, dole gumba chini, ongeza upinde, mkono unaotikiswa huku dole gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, legea, kidole kimoja kinachokuelekea, vuta sasa. Hakikisha ni zilezile mahali unapojifunzia. Na ukipewa alama, ifanyie kazi. Kuitikia kwa kichwa, nilivyofanya mimi, hakusaidii kitu.

Kuhusu miguu, dawa niliyopewa ni hii: gonga visigino mara moja, kisha viachanishe na usukume miundi juu ya hewa mpaka uhisi upepo unaigonga sawa, kulia na kushoto. Huioni miguu, lakini unaweza kuusikia upepo juu yake. Tangu hapo naifanya kila ninaporuka, hata pasipo haja.

Hatua ya nne: kugeuka

Hapa nitakawia, kwa kuwa ndipo raha ilipo na ndipo watu wanapoharibu.

Kugeuka ni kuvunja usawa kwa makusudi, kidogo, kisha kuurudisha. Ukitaka kwenda kulia, anza na macho: tazama kulia. Halafu inamisha kiwiko na kiganja cha kulia kidogo, huku cha kushoto kikiinuka kwa kiasi hichohicho, kama ndege ya abiria inavyolaza bawa. Hewa inateleza kwenye upande ulioinama na kuusukuma mwili wa mbele kuelekea kulia. Hakuna kupiga makasia. Anayepiga hewa kama anayeogelea anachoka, anapanda na kushuka, na hageuki.

Subiri. Kosa la kwanza la kila mwanafunzi ni kuinamisha mkono, kuona hakuna kitu, kuuinamisha zaidi, kisha kushtuka mwili unapozunguka kwa kasi. Mwili una uzito wake na huchukua muda kuanza, kama ngalawa inavyochukua muda kuitikia usukani. Na kama ngalawa, haisimami papo hapo. Kwa hiyo ukigeuka nyuzi 90 kutoka baharini kwenda Chale, rudisha mikono sawa kabla Chale haijafika katikati ya uso wako. Ukiona unapitiliza, inamisha upande wa pili kwa kitambo, kisha sawa.

Magoti nayo ni usukani, ila yanafanya kinyume na mikono. Ukikandamiza goti la kushoto chini, sehemu yako ya nyuma inasukumwa kushoto, na hivyo kichwa kinakwenda kulia. Kiwiko cha kulia na goti la kushoto pamoja hukugeuza pale pale ulipo, kama umechomekwa msumari kitovuni. Ukitumia mikono peke yake utageuka huku ukisogea.

Sasa unaelewa mguu wangu. Wa kulia ulikuwa umenyooka na kushika upepo mwingi, wa kushoto umejificha mgongoni. Upande wa kulia ukasukumwa mbele, nikazunguka kushoto, na laiti ningejaribu kulisahihisha zunguko lile kwa mikono ningekuwa nimelaza bega la kulia, nikapigana na mguu wangu mwenyewe mpaka sekunde ziishe. Ukizunguka bila kukusudia, usianze na mikono. Anza na kiuno, kisha miguu.

Fanya nyuzi 90 kulia, simama, nyuzi 90 kushoto, simama, angalia altimita. Zikikaa vizuri nenda 360.

Hatua ya tano: mbele, nyuma, kando

Kwenda mbele: nyoosha miguu yote miwili kwa pamoja na rudisha mikono nyuma kidogo. Miguu ikishika upepo mwingi kuliko mikono, kichwa kinashuka kidogo na hewa inatorokea nyuma, wewe unakwenda mbele. Hesabu tatu, kisha rudi kwenye upinde. Utaendelea kuteleza kitambo, ndiyo breki ilivyo.

Kurudi nyuma: nyoosha mikono mbele, kandamiza hewa kwa viganja, na kunja magoti. Kifua kinainuka, unarudi.

Kwenda kando: laza kiwiko na goti la upande mmoja kwa pamoja. Hili liache mpaka mengine yamekaa.

Ukimwendea mwenzako, mwendee mkiwa kimo kimoja, polepole kuliko unavyotamani. Usimpitie juu. Juu ya mgongo wa kila mtu anayeanguka kuna hewa iliyovurugika, isiyobeba, na ukiingia pale unapoteza ulichokuwa umelalia na kumwangukia. Wawili wanaoanguka sambamba wanaonekana kama wamesimama, ila anayemwangukia mwenzake anaumiza mgongo wa mtu kweli.

Hatua ya sita: kushuka haraka au polepole

Ongeza upinde, ukivuta viwiko na magoti nyuma kidogo, na utazama haraka zaidi. Kutaka kubaki juu, tandaza mikono na miguu, lainisha upinde mpaka ukaribie kuwa bapa, au jikunje kidogo kama unayekumbatia pipa kubwa la maji. Hiyo ya mwisho inapunguza utulivu. Watu wembamba huvaa suti za kubana, hata mikanda yenye vipande vizito vya madini ya risasi, ili waende sawa na wenzao wazito, na wazito huvaa suti pana. Mwili wangu ni wa kuku wa kienyeji, hivyo nimejifunza upinde kwa lazima.

Mikao ya kukaa kitako na ya kichwa chini ipo, na kasi yake inapita kilomita 240 kwa saa. Usiiguse ukiwa mwanafunzi. Mwenye kasi ile akifungua kwa bahati mbaya anaumia, na akirudi kwenye upinde ghafla anabaki juu huku wenzake wa kichwa chini wakizama, au wanaomfuata wakamfikia.

Mambo yakiharibika

Umejikuta chali, unatazama mbingu: soma altimita, kisha upinde. Kifuu kitageuka. Kikikawia, vuta mkono mmoja ndani, tazama upande huohuo, na ubingirike kama unayeshuka kitandani, kisha tandaza tena.

Umeanza kuzunguka kwa kasi: upinde, miguu, legea, halafu ndipo utumie mikono kinyume. Kuwa mwepesi kwa sababu zunguko hula nguvu na akili. Mwezi Novemba mwaka 1959 Joseph Kittinger wa jeshi la anga la Marekani, akiruka kutoka kwenye puto, alinaswa na kimwavuli chake cha kutuliza, akazunguka kama mara 120 kwa dakika na kuzimia. Mwavuli uliojifungua wenyewe ndio uliomwokoa. Mwaka uliofuata aliruka tena kutoka zaidi ya mita 31,000.

Wewe una sheria rahisi zaidi, ya sekunde 5. Ukipoteza udhibiti na usiupate ndani ya sekunde 5, vuta. Ukifika kimo cha kuvuta, vuta, hata kama uko chali, hata kama unazunguka, hata kama zoezi halijaisha. Kifaa cha kufungua parachuti ya akiba chenyewe, kwa wanafunzi, hufanya kazi karibu na futi 1,000 na chini yake, na hapo umeshachelewa sana. Kisihesabiwe kama mpango.

Hatua ya mwisho: kuachana na kuvuta

Mkiwa wengi, futi 1,500 hivi juu ya kimo cha kuvuta geuka mpe mwenzako mgongo na uteleze mbali naye. Nyoosha miguu kabisa, rudisha mikono kandokando ya mwili viganja chini, kidevu kishuke kidogo, na ondoa upinde ili mwili uwe kama ubao uliopindwa kidogo upande wa chini. Utakwenda mbele sana, na kosa la kawaida ni kwenda chini sana badala yake, kwa sababu kichwa kimeinamishwa mno. Chagua alama ardhini na ufuate mstari mnyoofu.

Kisha rudi kwenye upinde, pungia mikono juu ya kichwa mara mbili ili aliye juu yako ajue, na vuta. Mpini wa kimwavuli cha kuvutia, kile kidogo kinachoitoa parachuti kubwa mfukoni, uko chini ya mfuko wa mgongoni, upande wa kulia. Mkono wa kulia unapokwenda nyuma kuutafuta, wa kushoto lazima upande juu ya kichwa wakati huohuo. Ukiacha wa kushoto ulipo, kulia hakuna kitu kinachoshika upepo, unainama na kugeuka wakati ambao hukutaka kabisa kugeuka. Jaribu sasa hivi pale mkekani: kulia nyuma, kushoto juu, kiuno sakafuni. Mara 20.

Ukishatupa kimwavuli, rudisha mikono na ubaki na mabega sawa mpaka parachuti ifunguke, kwa sababu bega moja likiwa chini kamba hujisokota. Hesabu elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, na uinue macho.